Makinga maji ya Burundi: jasho la nani, faida ya nani?

Historia ya vilima vya Gitega na Muyinga inakanusha dhana kwamba mkulima maskini ndiye adui wa udongo wake. Kabla ya ukoloni, katika nyanda za Kirimiro kuzunguka Gitega, rutuba ilitoka kwa ng'ombe: walilishwa nyasi za mlimani, wakaacha samadi zizini, nayo samadi ikastawisha mtama. Sotoka ilipoteketeza mifugo miaka ya 1890, wakulima walipanua migomba kuzunguka nyumba zao, wakarudisha humo maganda, majivu na mabaki ya mavuno. Kivuli na majani ya migomba vikaukinga udongo na mvua. Hakuna afisa aliyewaamuru kufanya hivyo. Waliitunza ardhi kwa sababu matunda ya utunzaji huo yaliishia chunguni mwao.

Utawala wa Kibelgiji ulikata uhusiano huo. Kuanzia miaka ya 1930 kaya zililazimishwa kupanda mibuni na kuitandazia majani. Matandazo hayo yalitolewa kwenye migomba na mashamba ya chakula, kwa hiyo rutuba ya kulisha watoto ikahamia kwenye zao la kulipia kodi. Baada ya njaa kubwa ya 1943 na 1944, amri za kuchimba makinga maji zilikazwa, na aliyekaidi aliadhibiwa. Kitaalamu mifereji ile ilikuwa sahihi, maana mfereji unaokata mteremko hupunguza kasi ya maji na kuzuia udongo usichukuliwe. Hata hivyo, uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, mingi iliachwa ikafukiwa. Watu hawakuwa wamesahau kazi ya mfereji; walikuwa wanaikataa kazi ya shuruti.

Yapo mambo mawili ya baadaye yanayothibitisha hoja hii. Mwaka 1977 serikali ilifuta ubugererwa, desturi iliyomfanya mgererwa alime ardhi ya mwingine kwa kumtumikia. Mtu kama mgererwa, anayeweza kufukuzwa wakati wowote, hana sababu ya kupanda mti utakaokomaa baada ya miaka kumi. Kisha mwaka 1980 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, ambayo sehemu yake imo Muyinga, na familia zilizoishi katika bonde la mto Ruvubu zikaondolewa. Mto na wanyama walipata ulinzi, lakini gharama yake ilibebwa na watu wasio na akiba. Kwa hiyo mfumo wa ikolojia unaweza kutunzwa vizuri huku jirani zake wakizidi kufukarika; yote hutegemea nani anaamua na nani anavuna.

Wapo watakaosema kwamba mashamba yenyewe ni madogo mno. Sensa ya 2008 ilihesabu watu takriban milioni 8 katika nchi ndogo ya vilima, na kaya nyingi hulima chini ya hekta moja. Ni kweli kwamba makinga maji hayaongezi ardhi, na vijana watahitaji pia kazi nje ya kilimo. Lakini udogo wa shamba ndio unaofanya kila tabaka la udongo linalosombwa kuwa hasara kubwa zaidi. Wengine husema maskini hawezi kungoja faida ya miaka mingi. Hangoji, ikiwa kingo za mfereji zimepandwa majani ya malisho: hukatwa ndani ya msimu, hulisha mbuzi au ng'ombe, na samadi hurudi shambani. Ni ule mzunguko wa Kirimiro wa kale, umehamishiwa kwenye eneo dogo.

Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2018, ambao Buhinyuza ya Muyinga ilikuwa mojawapo ya maeneo yake, uliunganisha matuta na hati za ardhi. Muungano huo ni sahihi, kwa sababu hati humpa mkulima uhakika kwamba jasho lake halitavunwa na mwingine. Kipimo cha mradi wowote wa aina hii kisiwe kilomita za mifereji iliyochimbwa wakati vibarua wanalipwa. Kiwe mifereji ambayo wenye mashamba wanaizibua wenyewe miaka mingi baada ya malipo kukoma, kwa sababu inawalisha.