Koti la mwindaji na koti la mpanda farasi

Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni. Mbunge wa kiume sharti avae koti lenye kola, tai, shati la mikono mirefu na suruali ndefu. Kuna waliocheka, kuna walionung'unika. Je, mavazi haya mawili yalitoka wapi?

Tuanze na suruali. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, nao wakaliazima kwa Waajemi, watu waliosifika kwa kupanda farasi. Shuka haipatani na tandiko. Anayeketi juu ya farasi anahitaji vazi lenye miguu miwili. Suruali kongwe zaidi zinazojulikana, za miaka ipatayo 3,000, zilifukuliwa makaburini karibu na Turfan, magharibi mwa Uchina, na ushonaji wake ni wa kumfaa mpanda farasi.

Na koti la suti je? Litazame kwa nyuma, utaona mpasuo. Uliwekwa ili koti lisijikunje mtu akiwa juu ya farasi. Farasi walikwenda zao, mpasuo ukabaki. Kumbe hilo koti la heshima ni la mpanda farasi!

Suti ya Kaunda ina ukoo mwingine, wa uwindaji. Kitambaa chake cha awali ni kaki, neno lililotoka kwa Waajemi likapitia Kiurdu, lenye maana ya rangi ya vumbi. Wanajeshi wa Uingereza walianza kuvaa kaki kule India katikati ya karne ya 19. Baadaye wawindaji wakaja nayo Afrika Mashariki, akiwemo Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwaka wa 1909. Koti lao lilikuwa jepesi, lenye mifuko mikubwa, mshipi, na mara nyingine vitanzi vya risasi kifuani.

Misafara yao waliiita kwa neno letu, safari, ambalo nasi tulilitoa kwa Waarabu. Kwetu sisi safari ni mwendo wowote, hata wa kwenda Gikomba kununua mtumba. Kwao ikawa mwendo wa bunduki, na vazi likaitwa koti la safari.

Kisha Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, akalifanya vazi lake la kazi. Waafrika wengi wakaona hapo njia ya kuikwepa tai ya mkoloni, na watu wakalipa jina lake. Mwaka wa 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha. Koti likabaki bila mwindaji, kama ule mpasuo uliobaki bila farasi.

Sisemi Spika hana mamlaka ya kuweka kanuni. Kila nyumba na desturi yake. Lakini jamani, tukidai ati vazi moja limezaliwa na staha na jingine bila, tunajidanganya. Moja lilitoka kwenye tandiko, jingine porini, na yote mawili yaliletwa na wageni. Tofauti ni kwamba hili la pili sisi tulilibatiza upya.

Hata neno rasmi ni la kuazima. Asili yake, rasm, kwa Kiarabu ni mchoro. Mstari uliochorwa na mtu unaweza kuchorwa upya.