Mwalimu Kigali, Mwanafunzi Rusizi

Mwezi Juni 2020, wakati sehemu kubwa ya Rwanda iliporuhusiwa tena kusafiri kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, Wilaya ya Rusizi, ambayo eneo lake hadi mwisho wa mwaka 2005 lilikuwa katika Mkoa wa Cyangugu, ilibaki imefungwa. Wagonjwa wa korona walikuwa wameonekana katika mji huo wa mpakani. Vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa tangu tarehe 16 Machi. Kijana wa Kamembe aliyekuwa akisoma Kigali au Huye alitakiwa kumfuata mwalimu wake kwa njia ya simu na kompyuta, na kati yao ulikuwapo msitu wa Nyungwe na vizuizi vya barabarani walivyosimama askari usiku na mchana.

Hali hiyo ilionekana ngeni, lakini jambo lenyewe lina umri mkubwa. Posta ya Ujerumani ilifungua simu ya picha kati ya Berlin na Leipzig mwezi Machi 1936, umbali wa kilomita zipatazo 160. Mtu aliingia katika kibanda, akazungumza, akamwona mwenzake. Huduma hiyo ilikoma mwaka 1940, katika vita. Huko Marekani kampuni ya AT&T ilionyesha simu yake ya picha katika maonyesho ya New York mwaka 1964, na mwaka 1970 ikaanza kuiuza mjini Pittsburgh. Wanunuzi hawakutokea kwa wingi. Picha moja inayotembea ilimeza nafasi ambayo ingetosha mazungumzo mengi ya simu ya kawaida, na bei ilikuwa kubwa.

Wenye shida halisi walikuwa wengine, nao walianza kwa unyenyekevu zaidi. Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, kilichofunguliwa Fiji mwaka 1968, kiliwahudumia wanafunzi wa visiwa vilivyotengwa na maelfu ya kilomita za bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiliruhusiwa kutumia setilaiti ya Marekani iitwayo ATS-1, iliyorushwa mwaka 1966. Hapakuwa na picha. Palikuwa na sauti tu. Lakini sauti hiyo ilikwenda na kurudi: mwanafunzi aliuliza, mwalimu akajibu, kisiwa kingine kikasikiliza. Kila askari wa mawasiliano anaijua nidhamu hiyo, kwani ndiyo ya redio ya upepo: mmoja husema, wengine hungoja zamu.

Afrika ilipofikiwa, utaratibu ulikuwa kinyume. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Afrika cha Masafa, maarufu kwa kifupi AVU, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ikawa miongoni mwa vituo vyake. Mihadhara ilitoka ng'ambo kwa setilaiti. Picha ilishuka Afrika, lakini haikupanda. Mwanafunzi aliyetaka kuuliza alitumia simu, faksi au barua pepe. Faida haikukosekana, kwani vyuo vyenye uhaba wa walimu vilipata masomo ya sayansi na kompyuta. Hata hivyo ni vigumu kuliita darasa kamili jambo ambalo mmoja huonekana na mwingine haonekani. Mwaka 2002 makao ya AVU yalihamishiwa Nairobi.

Setilaiti nayo ina kizuizi chake cha kimaumbile. Ile inayoonekana kusimama mahali pamoja angani iko juu ya ikweta kwa kilomita zipatazo 36,000. Sauti hupanda na kushuka kwa robo ya sekunde, na jibu hurudi kwa robo nyingine. Nusu sekunde ni kidogo kwa msikilizaji, lakini katika mabishano ya darasani watu hugongana maneno. Ndiyo sababu mkongo wa nyuzi za kioo ulibadili mambo. Nyaya za baharini zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na kufikia mwaka 2011 Rwanda ilikuwa imetandaza mkongo wake wa taifa wa kilomita zipatazo 2,300 hadi wilayani na kwenye vituo vya mipakani. Mwaka 2013 vyuo vya umma viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, chenye kampasi zilizotawanyika nchini. Rusizi nayo ikapata yake. Mhadhiri mmoja hawezi kuwa Huye asubuhi na Kamembe adhuhuri, isipokuwa kwa njia ya picha.

Lakini mkongo huishia mjini. Kutoka hapo hadi kijijini mwanafunzi hulipia hewani, kwa kipimo. Saa moja ya video yenye kasi ya megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450. Saa hiyo hiyo kwa sauti peke yake, kwa kilobiti 64, hula megabaiti 29 hivi. Tofauti hiyo ni mara kumi na tano na zaidi, na katika familia inayoishi kwa biashara ndogo ya kuvuka mpaka, mpaka ukiwa umefungwa, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani abaki darasani. Wapo waliozima picha, wakabaki na sauti na maandishi, kama wale wa visiwani nusu karne kabla yao.

Bukavu iko ng'ambo ya mto Rusizi, pamoja na Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichofunguliwa mwaka 1989. Kutoka Kamembe mji huo huonekana kwa macho, bila mtambo wowote. Katika miezi ile wanafunzi waliozoea kuvuka daraja walizuiwa upande huu na upande ule, na askari waliowazuia walikuwa wakitimiza wajibu wao. Vyuo vikuu vya Rwanda vilianza kufunguliwa kwa awamu mwezi Oktoba 2020.