Bwana Shauri wa Songea na wakili kutoka London

Songea ni mji unaobeba jina la mtu aliyenyongwa. Mgeni akifika hapa, wenyeji humpeleka kwanza Makumbusho ya Majimaji, wakamwonyesha sanamu za mashujaa wa Kingoni ambao Wajerumani waliwatia kitanzi mwanzoni mwa 1906, nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwao. Kila Februari watu hukusanyika, ngoma hulia, wazee huvaa ngozi na kushika ngao. Ni haki yao, na ni haki yetu.

Kuna historia nyingine ya Songea ambayo haina ngoma. Ilitokea Dar es Salaam, mbele ya hakimu, miaka hamsini na miwili baada ya vitanzi vile. Mwaka 1958 Julius Nyerere, rais wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, alishtakiwa kwa kashfa ya jinai. Wakubwa wa serikali aliodaiwa kuwakashifu walikuwa wawili: mkuu wa wilaya (DC) wa Musoma, na DC wa Songea.

Chombo cha kosa kilikuwa Sauti ya TANU. Nani leo angekiita gazeti? Zilikuwa karatasi chache tu. Mtu alipiga maneno kwa taipureta juu ya stenseli ya nta, stenseli ikafungwa kwenye mashine ya kudurufu, mkono ukazungusha mpini, karatasi zikatoka moja baada ya nyingine zikinuka wino. Nakala moja ilipita mikono mingi. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, na neno likaenda mbali kuliko karatasi yenyewe.

Katika toleo lililoshtakiwa Nyerere aliwasihi wanachama wasivutwe kwenye fujo. Watu wengi husahau sehemu hii. Alikuwa anawatuliza wafuasi wake, na ili wamwelewe ilimbidi akiri kwamba wanachokozwa. Ndipo akawataja maDC wawili: mmoja akimtuhumu kwamba anapanga kuibomoa TANU wilayani kwake, mwingine kwamba amempeleka chifu mahakamani kwa sababu za kupika. Serikali ikafungua mashtaka matatu.

Ili kupima uzito wa maneno hayo, yafaa kukumbuka DC alikuwa nani. Wazee walimwita Bwana Shauri, na shauri lote la wilaya lilikuwa lake kweli. Alisimamia kodi, alikuwa na mamlaka ya hakimu, machifu waliripoti kwake, na chama cha siasa hakikuweza kufanya kazi wilayani bila kupita mlangoni pake. Sheria ya Vyama ya 1954 ilitaka kila tawi la TANU liandikishwe, na matawi mengine yalinyimwa. Boma la Songea lilikuwa mbali na Dar es Salaam, katika jimbo la kusini ambalo barabara zake zilikuwa za udongo. Alichofanya Bwana Shauri huko, nani angekijua pwani kama hakuna wa kuandika?

Sheria iliyotumika inahitaji kuelezwa polepole, maana ndiyo kiini cha habari hii. Jirani akikuchafulia jina, unaweza kumfungulia kesi ya madai. Ukishinda anakulipa fidia, mmemalizana. Kashfa ya jinai ni kitu kingine. Hapo dola lenyewe ndilo linaloshtaki, kwa gharama za walipa kodi, na anayeshindwa anaweza kufungwa. Kosa lilielezwa hivi: kuandika jambo linaloweza kumfanya mtu achukiwe, adharauliwe au adhihakiwe. Mwendesha mashtaka hakulazimika kuthibitisha kwamba maneno ni ya uongo. Ilikuwa kazi ya mwandishi kuonyesha kwamba ni kweli, na zaidi ya hapo, kwamba kuyachapa kulikuwa kwa manufaa ya umma.

Sasa fikiria maana ya mzigo huo kwa jambo lililotokea Songea. Ushahidi umo vichwani mwa wakulima na makarani wanaoishi chini ya Bwana Shauri yuleyule. Kuwafikisha Dar es Salaam ni safari ya siku kadhaa kwenye lori, kupanda Njombe, kuteremka Iringa, vumbi tupu wakati wa kiangazi. Na baada ya kutoa ushahidi, shahidi anarudi nyumbani kwa mtu aliyemsema. Sheria haikusema popote kwamba mtu wa Songea asimseme mkubwa wake. Ilipanga tu mambo hivyo kwamba akimsema, ukweli wake uwe mgumu kuuthibitisha.

TANU ilimwita wakili Denis Nowell Pritt kutoka London. Upande wake walikuwa mawakili wa hapa nyumbani, K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam na Mahmud Rattansey wa Tabora, watu wenye asili ya Kihindi walioifungamanisha kazi yao na uhuru wa nchi hii. Wanastahili kukumbukwa kuliko tunavyowakumbuka.

Pritt alikuwa na umri wa miaka 70 hivi. Alizaliwa London mwaka 1887, akateuliwa kuwa wakili wa Mfalme mwaka 1927, akakaa bungeni kuanzia 1935 hadi 1950. Utumishi wake kwa watu wa makoloni ulianza mapema: mwaka 1932 alisimama upande wa Ho Chi Minh, aliyekuwa amekamatwa Hong Kong. Kisha ikaja kesi ya I. T. A. Wallace-Johnson wa Sierra Leone, ambayo kila mwandishi wa Afrika Mashariki angepaswa kuijua. Mwaka 1936 Wallace-Johnson aliandika makala katika gazeti la Accra lililohaririwa na Nnamdi Azikiwe, akiishambulia dini na ustaarabu wa watawala kwa maneno makali. Akatozwa faini kwa uchochezi. Rufaa ikafika mahakama ya mwisho ya makoloni, London, na Pritt akajenga hoja moja: hakuna uchochezi pale ambapo mwandishi hakumhimiza mtu yeyote kufanya vurugu. Majaji wakaikataa. Wakasema sheria ya koloni isomwe kama ilivyoandikwa, na kama ilivyoandikwa haikudai vurugu. Hukumu hiyo ikawa kivuli juu ya magazeti ya Kiafrika. Mwaka huohuo wa kesi ya Nyerere, wahariri wa Mwafrika, Kheri Rashid Baghdelleh na Robert Makange, walifungwa kwa uchochezi.

Kwetu Pritt alijulikana zaidi kwa kesi ya Kapenguria, Kenya. Alimtetea Jomo Kenyatta na wenzake watano kuanzia mwishoni mwa 1952, katika mji ambao haukuwa na hata mahali pa mawakili kulala, ikawabidi wakae Kitale na kwenda na kurudi kila siku. Akiwa katikati ya kesi, alituma simu ya maandishi kwa wabunge London akisema mazingira yale yanainyima haki nafasi. Kwa simu hiyo akashtakiwa yeye mwenyewe kwa kuidharau mahakama. Mahakama ya Nairobi ikamwachia. Kwa hiyo mzee huyu aliposimama Dar es Salaam miaka mitano baadaye, alikuwa ameshaonja kiti cha mshtakiwa kwa sababu ya sentensi aliyoiandika.

Siwezi kulifunika doa lake. Mwaka 1936 alihudhuria kesi za Moscow, ambako wapinzani wa Stalin walihukumiwa kufa, akarudi Uingereza akaandika kuzitetea. Mtu aliyeona vizuri namna hakimu wa koloni anavyoweza kutumikishwa hakuona, au hakutaka kuona, jambo hilohilo kwa marafiki zake. Chama cha Labour kilimfukuza mwaka 1940 kwa sababu ya kuiunga mkono Urusi ilipoivamia Finland. Hilo halifuti alichowafanyia Waafrika kortini, na alichofanya kortini hakilifuti hilo.

Hukumu ilitoka Agosti 1958. Nyerere alikutwa na hatia: alipe shilingi 3,000 au akae jela miezi sita. Pritt akawa ameshindwa tena, kama alivyoshindwa kwa Wallace-Johnson na kwa Kenyatta.

Nyerere akalipa. Wapo waliotamani afungwe. Kifungo kilikuwa kimemkuza Kenyatta, na mfungwa wa kisiasa ana nguvu ambayo mlipa faini hana. Naona alihesabu vizuri. Januari ya mwaka huo, Tabora, alikuwa amekishawishi chama kwa taabu kubwa kikubali uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alimchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Duru ya kwanza ilikuwa Septemba. Gavana Richard Turnbull alikuwa ameingia nchini Julai tu. Miezi sita jela ingemwondoa Nyerere katika wiki ambazo kila kitu kilikuwa kinaamuliwa. TANU ikazoa viti, na Desemba 1961 bendera ikashuka. Mwezi uliofuata waziri mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea.

Ningependa kuandika kwamba siku ya uhuru kashfa ya jinai ilizikwa pamoja na bendera ya Malkia. Haikuzikwa. Vifungu vilibaki katika Kanuni ya Adhabu. Mwaka 1976, Nyerere akiwa Rais, Bunge lilipitisha Sheria ya Magazeti, na kashfa ya jinai ikaingizwa humo pamoja na uchochezi, huku waziri akipewa mamlaka ya kulifungia gazeti. Hili linaniuma, na nalisema nikimheshimu Mwalimu. Aliyejua kwa mwili wake jinsi sheria ile inavyofanya kazi aliwaachia waandishi wa nchi huru sheria ileile. DC alikuwa ameondoka, nafasi yake wakaja wakuu wa wilaya wetu wenyewe, na mwandishi wa wilayani akabaki na mzigo uleule wa kuthibitisha.

Haki ya kutoa maoni iliingia katika Katiba mwaka 1984, ibara ya 18. Mwaka 2016 Sheria ya Huduma za Habari ikachukua nafasi ya ile ya 1976, kashfa ya jinai ikiwa bado imo ndani. Ndipo Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu wakaenda Arusha, Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 28 Machi 2019 majaji walisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya kashfa na vya uchochezi vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likaitoa kashfa katika makosa ya jinai. Tangu faini ya Nyerere ilikuwa imepita miaka 65.

Uchochezi bado upo kwenye sheria. Hoja aliyoshindwa nayo Pritt, kwamba maneno yasiyohimiza vurugu yasimpeleke mtu jela, bado inasubiri mawakili wa kuisema tena.

Siku hizi lami inatoka Makambako mpaka Songea, na basi la alfajiri hufika Dar es Salaam siku hiyohiyo. Lakini shahidi hahitaji tena kulipanda. Mahakama Kuu ina masjala yake hapa mjini. Mkulima wa Matimira au wa Peramiho mwenye la kusema juu ya mkubwa wake anaweza kulisema asubuhi, mbele ya jaji, na jioni akala nyumbani kwake.