Mwaka Kunde Zilipopata Namba

Mama Mluhya wa Busia huita majani ya kunde likhubi. Mganda anayemuuzia mbegu ng'ambo huziita mpindi. Sokoni wanaelewana bila shida, gorogoro ikiwa katikati. Kwenye dirisha la forodha ndiko kunde hugeuka tarakimu.

Namba hizo zinatoka katika orodha ya dunia ya bidhaa iitwayo HS, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1988 na kusimamiwa kutoka Brussels. Tarakimu sita za mwanzo ni za wote. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, ukaongeza mbili zake. Mwaka huohuo Kenya ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa Simba, uliotokana na ule wa Senegali, huku Uganda ikitumia ASYCUDA ya Umoja wa Mataifa. Pale mpakani Malaba mifumo hiyo miwili ilitazamana kuvuka mto bila kusikilizana, ila kwa namba.

Ndani ya hifadhidata ya mifumo ya aina hii, tamko la mzigo hubeba namba tupu. Maneno hukaa kwenye jedwali la rejea, mstari mmoja kwa kila namba, hivyo jina lililoandikwa vibaya husahihishwa mahali pamoja tu. Ili ofisa asisumbuke kuyaunganisha na namba kila mara, swali huandikwa mara moja na kuhifadhiwa kama mwoneko. Akiufungua anasoma bidhaa, nchi na uzito.

Maharagwe ya kawaida yalikuwa na namba yao tangu mwanzo, 0713.33. Kunde zilitupwa katika 0713.39, kapu la "nyinginezo", na humo zikakaa zaidi ya miaka 20. Toleo la 2012 ndilo lililozipa 0713.35, njugumawe zikapewa 0713.34 na mbaazi 0713.60. Chakula chetu kilisubiri sana mlangoni.

Sasa uliza hifadhidata ni kunde kiasi gani zilipita mpakani mwaka 2010, kwa kutumia 0713.35. Utajibiwa sifuri. Mtengenezaji makini huweka kwenye jedwali tarehe ya kila namba kuanza na kukoma, na mwoneko wake hulinganisha tamko na maana ya siku ile. Lakini hata huo, kwa mwaka 2010, utaandika "nyinginezo" tu. Na magunia yaliyopita njia za panya hayamo kabisa.