Uhalisia Pepe na Uzito wa Kitimwendo

Jina uhalisia pepe limeshaingia kwenye simu na kompyuta zetu, nalo kipande chake cha pili limekiazima kwa barua pepe. Mtu huvaa miwani yenye skrini mbele ya kila jicho. Akigeuza kichwa, vihisio huigeuza picha pamoja naye, mpaka akili ikubali kwamba iko mahali pengine. Ila pepe ina ukoo mwingine, wa shambani. Kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje isiyo na kiini. Ganda lipo, umbo lipo, ndani hamna kitu.

Lugha za Ulaya zilianzia upande wa pili. Mwandishi Mfaransa Antonin Artaud alilitumia jina hilo mwaka 1938 akizungumzia tamthilia, na miaka ya 1980 Jaron Lanier akalieneza Marekani kwa mambo ya kompyuta. Neno lao la asili ya Kilatini, virtual, hudokeza kitu ambacho, ijapokuwa sicho chenyewe, kinafanya kazi ya chenyewe. Pepe inasema kinyume: kinafanana na chenyewe, kazi yake hakifanyi. Wapo watakaoiita tafsiri potofu. Mimi naipenda kwa ukali wake, hasa teknolojia hii inapoingia kwenye utengamao, yaani huduma za kumrudishia mtu uwezo wake baada ya ajali au maradhi.

Chukua mfano wa kitimwendo, yaani kiti cha magurudumu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma za viti mwendo kwa nchi zenye uhaba wa rasilimali. Hatua ni 8, na ya 7 ni kumfundisha mtumiaji. Ndiyo hatua rahisi kurukwa: kiti kimekabidhiwa, picha zimepigwa, wageni wameondoka.

Tumpeleke mtumiaji huyo Milanzi, Manispaa ya Sumbawanga, ambako mapokeo ya Wafipa huweka kiti cha watawala wao wa kale. Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kwenye tope, vigurudumu vidogo vya mbele huzama kwanza, na kadiri unavyosukuma ndivyo vinavyojichimbia. Stadi inayomwokoa mtu hapo ni kuvinyanyua na kuegemea yale makubwa ya nyuma, bila kuanguka kichalichali. Mwalimu husimama nyuma, ameshika mkanda uliofungwa kwenye fremu.

Miwani haifundishi hilo. Usawa wa mwili huamuliwa na sikio la ndani, mabega na viganja. Macho peke yake hayatoshi. Tena picha ikienda mbele huku mwili umetulia, wengi hushikwa na kichefuchefu. Si ajabu kwamba vifaa vingi vya aina hii, kama kile cha Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal, vilitengenezwa kwa viti vya umeme: hivyo huendeshwa kwa kijiti kidogo, na kijiti hakijui tope. Kwa anayejifunza kukata kona, kupita mlangoni au kukadiria kasi ya bodaboda kabla ya kuvuka barabara, zana hiyo inafaa kweli. Atagonga ukuta mara nyingi kadiri atakavyo na hataumia. Aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kuanza hata kabla mikono haijapata nguvu.

Lakini Milanzi kiti husukumwa kwa mkono. TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981, kimefundisha pia mafundi wa viti mwendo, na ufundi huo huanza na ardhi: magurudumu ya upana gani, ekseli ikae wapi, uzito uangukie wapi.

Montreal hiyohiyo watafiti wamekiweka kiti cha kusukumwa juu ya rola zenye mota, ili gurudumu likaze mkononi mithili ya mlima halisi. Kifaa hicho, kwa maoni yangu, kimeshatoka kwenye upepe. Ningekiita kiigizi cha kitimwendo.