Tatu Isiyofutika: Namba 300,000,000,000,000 katika Historia ya Sarafu ya Kongo

Namba 300,000,000,000,000 haikuchapwa kwenye noti yoyote ya Kongo, lakini imo katika sheria za sarafu zake. Mwaka 1967 faranga 1,000 zilifanywa zaire moja. Tarehe 22 Oktoba 1993 zaire 3,000,000 zikafanywa zaire mpya moja. Na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo. Hivyo faranga moja ya 1998 ilisimama badala ya faranga zote hizo za kabla ya 1967.

Ikichanganuliwa, namba hii ina vigawo tasa vitatu tu: 2 na 5, kila kimoja mara kumi na nne, na 3 mara moja. Vile viwili vya kwanza ni kazi ya kumi. Huondoa sifuri bila kuacha baki. Tatu ni zao la siku moja ya Oktoba 1993.

Na tatu haiigawi kumi wala mia. Noti kubwa za zaire zilikuwa za 50,000, 100,000, 1,000,000 na kadhalika. Hata ile ya 5,000,000, iliyokataliwa na serikali ya Tshisekedi Desemba 1992 na kufuatiwa na ghasia za askari mjini Kinshasa Januari 1993. Hakuna hata moja iliyogawika sawasawa. Likuta jipya moja, yaani sehemu ya mia ya zaire mpya, lilikuwa sawa na zaire 30,000. Chukuliwe mfano wa muuzaji wa mawese sokoni Mubi, wilayani Walikale. Akiwa na noti moja ya 1,000,000, angestahili makuta 33 na theluthi moja. Theluthi ikiachwa, hupoteza asilimia moja. Akiwa na noti moja tu ya 50,000, hupata likuta moja, na zaire 20,000 hupotea: asilimia 40. Aliyekuwa na noti tatu za aina moja hakupoteza kitu. Hesabu hiyo, kwa hiyo, haikuwa sawa kwa tajiri na maskini, ingawa kiwango kilikuwa kimoja. (Kasai Mashariki waliikataa zaire mpya kabisa wakaendelea na ile ya zamani, japo kwa sababu zao.)

Lugha nayo ina neno lake hapa. Msomi wa Dar es Salaam huisoma namba hii trilioni mia tatu. Mkongo aliyesomeshwa kwa Kifaransa huiita bilioni mia tatu, kwani kwake elfu ya milioni ni miliari. Elfu imetoka Uarabuni, laki Uhindini, milioni Ulaya. Likuta na makuta pekee ndiyo yenye viambishi vya Kibantu, nayo huingia katika Kiswahili bila shida: likuta limepotea, makuta yamepotea. Theluthi ya likuta haikuwa na noti.