Spika tano na sabufa kwenye kompyuta: Kwa nini nyingine hukaa kimya

WANUNUZI wengi wa seti za spika tano na sabufa, zile zinazouzwa kwa jina la 5.1 katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, hukumbwa na jambo moja wanapozifikisha nyumbani na kuziunganisha na kompyuta. Spika mbili za mbele hulia vizuri, lakini ile ya kati na zile mbili za nyuma hukaa kimya kana kwamba zimeungua.

Hapo ndipo fedha hupotea. Wapo wanaorudisha seti dukani wakidai ni mbovu, na wapo wanaoambiwa na fundi kwamba kompyuta yao haina uwezo, kisha wakauziwa kadi ya sauti ambayo hawakuihitaji. Ukweli ni kwamba kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 2000 zimezaliwa na uwezo wa kuendesha spika sita. Kinachotakiwa ni kuuamsha uwezo huo, na kazi hiyo haigharimu chochote zaidi ya muda wa nusu saa hivi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1989, kampuni ya Creative ya Singapore ilipoanza kuuza kadi ya Sound Blaster, kompyuta ya kawaida iliweza kutoa milio ya kukatakata tu, na aliyetaka muziki alilazimika kununua kadi na kuichomeka mwenyewe. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Intel ilitoa kiwango cha AC'97, kilichowawezesha watengenezaji kuweka chipu ndogo ya sauti moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi huuita madabodi. Mwaka 2004 Intel ikatoa kiwango kipya, High Definition Audio, chenye uwezo wa kupitisha njia nane za sauti kwa wakati mmoja. Tangu hapo chipu za aina hiyo, nyingi zikiwa za kampuni ya Realtek ya Taiwan, zimeenea katika kompyuta za bei zote.

Kabla ya kugusa waya wowote, inafaa kufahamu maana ya 5.1. Tarakimu hizo hazihesabu maboksi. Zinahesabu njia za sauti. Njia tano ni za mbele kushoto, mbele kulia, kati, nyuma kushoto na nyuma kulia. Ile moja baada ya nukta ni ya mngurumo peke yake, yaani sauti za chini kabisa, ambazo kwa kawaida hazizidi mitetemo 120 kwa sekunde. Kila njia hubeba sauti yake. Katika filamu, helikopta inayotoka nyuma ya mtazamaji husikika kwanza katika spika za nyuma, kisha ikahamia mbele, huku maneno ya waigizaji yakitoka kwenye spika ya kati.

Mnunuzi makini huanza kwa kuligeuza boksi la sabufa na kutazama mgongo wake. Seti ya kweli ya 5.1 inayokusudiwa kompyuta huwa na matundu matatu ya kupokea sauti, au jozi tatu za matundu ya duara ya RCA, kwa kuwa kila waya wa kawaida wa sauti hubeba njia mbili tu. Tatu mara mbili ni sita. Zipo seti zenye spika tano zilizopangwa vizuri na taa za kupendeza, ambazo mgongoni zina jozi moja tu, nyekundu na nyeupe. Hizo hupokea njia mbili na kuzigawa kwa spika zote. Nyuma husikika kilekile kinachosikika mbele. Si kwamba ni mbovu, na kwa sherehe zinatosha kabisa, lakini hakuna mpangilio wa kompyuta utakaozifanya ziwe kitu kingine. Ni vyema mgongo huo ukatazamwa dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Ikiwa matundu matatu yapo, hatua ya pili ni nyuma ya kompyuta. Rangi za matundu ya sauti zimekuwa za namna moja kwa muda mrefu, hasa baada ya Microsoft na Intel kuzipendekeza katika mwongozo wao wa PC 99. Kijani ni sauti inayotoka kwenda spika za mbele, waridi ni kipaza sauti, na samawati ni ya kuingiza sauti kutoka kifaa kingine. Kwenye kompyuta yenye matundu matano au sita huongezeka jeusi kwa spika za nyuma, la rangi ya chungwa kwa spika ya kati pamoja na sabufa, na la kijivu kwa spika za ubavuni, ambalo mwenye seti ya 5.1 hana haja nalo. Anayechomeka spika zake za nyuma kwenye tundu la kijivu ataendelea kusikia ukimya.

Wanaotatizika zaidi ni wenye kompyuta yenye matundu matatu tu: kijani, samawati na waridi. Wengi wao hukata tamaa hapohapo, wakiamini kwamba matundu mawili ni ya kuingiza sauti na hayawezi kutoa. Kumbe chipu nyingi za sasa zimeundwa ili tundu lilelile liweze kugeuzwa kazi. Katika mpangilio wa spika sita, kijani hubaki cha mbele, samawati huwa cha nyuma, na waridi huwa cha spika ya kati na sabufa. Gharama yake ni kwamba kipaza sauti hukosa nafasi nyuma ya kompyuta na kuhamia kwenye tundu la mbele ya kasha, kama lipo.

Mgeuzo huo haufanyiki kwa kuchomeka waya pekee. Hufanywa na draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuelewana na chipu ya sauti. Na hapa ndipo penye kiini cha malalamiko mengi. Windows inapowekwa upya, mara nyingi hujiwekea draiva yake ya jumla, inayotosha kutoa sauti katika spika mbili lakini isiyojua kugeuza matundu. Mtumiaji husikia muziki, hivyo hana sababu ya kushuku kwamba kuna kinachokosekana. Dawa ni kupakua draiva iliyotengenezwa kwa ajili ya ubao husika kutoka tovuti ya mtengenezaji wa ubao au wa kompyuta hiyo. Baada ya kuiweka na kuwasha kompyuta upya, kila plagi inapoingizwa, aghalabu hutokea kidirisha kinachouliza ni kifaa gani kimechomekwa. Hapo mtumiaji huchagua spika za nyuma kwa tundu la samawati, na spika ya kati na sabufa kwa lile la waridi.

Kisha Windows yenyewe huambiwa kwamba spika ni sita. Njia ya haraka katika Windows 10 na Windows 11 ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kuandika mmsys.cpl na kubonyeza Enter. Katika orodha inayofunguka huchaguliwa spika, kisha kitufe cha Configure, na katika orodha ifuatayo 5.1. Hapohapo pana kitufe cha kujaribu, kinachopeleka mlio katika spika moja baada ya nyingine huku picha yake ikionyeshwa. Jaribio hili lisirukwe, kwa kuwa ndilo linaloonyesha kosa liko wapi. Spika inayokaa kimya zamu yake inapofika ina tatizo la waya, la tundu au la draiva. Spika zote zikijibu, kompyuta haina lawama tena. Kwa watumiaji wa Linux, amri ya speaker-test -c 6 hufanya kazi hiyohiyo, na katika programu ya alsamixer mara nyingi hupatikana kipengele cha kuchagua njia mbili, nne au sita.

Lipo kosa moja ambalo huchekesha mara ya kwanza na kukera mara ya pili. Spika ya kati na sabufa hushirikiana waya mmoja, na watengenezaji wa spika hawakukubaliana nani awe kushoto na nani kulia. Matokeo yake ni kwamba katika baadhi ya seti maneno ya waigizaji hunguruma ndani ya sabufa kama mtu anayezungumza ndani ya pipa, na milipuko huishia kwenye kispika kidogo cha kati. Draiva nyingi za Realtek zina kisanduku cha kubadilishana nafasi za wawili hao; kikitiwa alama, kila mmoja hurudi kwake. Hakuna haja ya kukata waya.

Inawezekana jaribio likapita vizuri, na bado wimbo ukachezwa huku spika za nyuma zikiwa kimya. Hilo si kosa. Diski za CD zina njia mbili za sauti, na vivyo hivyo faili za kawaida za MP3 na filamu zilizokuwa kwenye VCD. Kompyuta haiwezi kutoa njia sita mahali zilipo mbili. Anayetaka kujua filamu yake ina njia ngapi anaweza kuifungua kwa programu ya VLC na kutazama taarifa za faili katika menyu ya Tools. Yenye njia sita huandikwa 3F2R/LFE, maana yake tatu mbele, mbili nyuma na moja ya mngurumo. Baadhi ya draiva zina uwezo wa kuieneza sauti ya njia mbili katika spika zote. Kwa muziki wa dansi wakati wa kufagia nyumba, inafaa. Kwa usikivu wa makini, ni afadhali kuziacha mbili zilie peke yake.

Mtego mkubwa zaidi uko katika waya wa mwanga, ule unaotoka kwenye tundu la mraba lenye nuru nyekundu. Wauzaji huusifu kwa kuwa ni wa dijitali, na watu huamini kwamba waya mmoja umemaliza kazi ya nyaya tatu. Lakini mfumo huo, S/PDIF, ulibuniwa na Sony na Philips kwa ajili ya njia mbili. Njia mbili za sauti isiyobanwa, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde zenye biti 16 kila moja, ni biti 1,536,000 kwa sekunde. Njia sita zingehitaji mara tatu yake, nazo hazina pa kupita. Zinapita tu zikiwa zimebanwa kwa Dolby Digital au DTS. Filamu ya DVD mara nyingi imeshabanwa tayari, hivyo hupita salama. Mchezo wa kompyuta haujabanwa, kwa hiyo hutoka katika spika mbili, isipokuwa chipu ya kompyuta ina uwezo wa kubana papo hapo, unaojulikana kwa jina la Dolby Digital Live au DTS Connect. Kampuni ya Nvidia iliweka uwezo wa namna hiyo katika chipu zake za nForce mwaka 2001, lakini haukuenea katika kompyuta zote, na hadi leo ni wa kutafutwa katika karatasi ya maelezo ya ubao.

Mwenye nyaya tatu za kawaida, kwa upande huu, yuko mbele ya mwenye waya wa mwanga. Waya wa HDMI nao hupitisha njia nane zisizobanwa, lakini lazima upande wa pili kuwe na kifaa chenye kuupokea. Hilo huwahusu pia wenye mfumo wa sinema ya nyumbani uliouzwa pamoja na deki ya DVD: spika zake hazina nguvu zake zenyewe, hivyo haziwezi kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta. Ni lazima sauti ipitie kwenye deki hiyo, kupitia mlango ilio nao, na mara nyingi mlango huo ni wa mwanga au wa njia mbili.

Kompyuta nyingi za mkononi zina tundu moja tu, la spika za masikioni na kipaza sauti kwa pamoja. Hizo ndizo zinazohitaji kweli kununuliwa kifaa cha ziada, yaani kadi ya sauti ya nje ya USB yenye matundu matatu ya kutolea sauti. Vile vidude vidogo vya USB vyenye matundu mawili, hata kama kwenye karatasi yake vimeandikwa 5.1, hutoa njia mbili.

Spika zikishalia zote, mahali pa kuziweka hubadilisha mengi. Mapendekezo ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, ni kwamba spika mbili za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande kutoka mbele ya msikilizaji, na zile za nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, yaani ubavuni kidogo kwa nyuma. Katika chumba cha kupanga, zile za nyuma huishia juu ya kabati au pembeni ya kitanda, na hilo si baya mradi umbali wa kushoto na kulia ulingane.

Mwisho ni mvumo. Mvumo mzito usioisha hata muziki unaponyamaza aghalabu ni wa umeme wa gridi, wenye mitetemo 50 kwa sekunde, unaoingia pale kompyuta na spika zinapochukua umeme kutoka sehemu mbili tofauti za ukuta. Kuzichomeka zote katika ekstensheni moja yenye waya wa ardhini hutosha mara nyingi. Wapo mafundi wanaouondoa mvumo huo kwa kukata waya wa ardhini wa plagi, na kweli mvumo huisha. Lakini waya huo ndio unaopeleka umeme ardhini pale kasha la chuma la kompyuta linapoguswa na waya wenye umeme. Ukikatwa, njia inayobaki ni mwili wa atakayelishika kasha hilo.